Kubadili linki za nyuma nyumbani: kazi ya asubuhi moja tu

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mmiliki wa Subaru Forester ya umbo la pili, lile lililoanza kuuzwa mwaka 2002, ambalo wenye maduka ya spea hulitambua kwa jina la SG5. Mmiliki huyo ametajiwa bei na gereji, akanyamaza kidogo, akasema "nitarudi," na njiani akagundua kwamba hata yeye ana mikono miwili. Wenye RAV4 na X-Trail za rika hilo wanakaribishwa, maana kutu haisomi nembo. Wenye magari mapya nao wasome, wakae tayari.

Tuanze na dalili. Ukipanda tuta, nyuma kunagonga: ko. Ukishuka, kunagonga tena, safari hii kwa msisitizo. Tairi za nyuma zinaliwa upande wa ndani, wakati upande wa nje bado una meno ya kutosha kumridhisha trafiki. Kwenye lami nyoofu, basi la mikoani likikupita kwa kasi, mkia wa gari unasita kidogo kabla ya kuamua uelekee wapi. Zipo tiba tatu zinazokubalika katika hatua hii, nazo ni kuongeza sauti ya redio, kulaumu jeki iliyolala kwenye buti, na kumhamishia mama mkwe kiti cha mbele. Zikishindikana zote, chukua tochi uingie uvunguni.

Huko chini hakuna mambo mengi. Gurudumu la nyuma la gari hili limeshikwa na linki tatu. Mbili zinatoka katikati ya gari kwenda kwenye habu, moja ikiwa mbele ya mwenzake, na kazi yao ni kuhakikisha gurudumu linatazama mbele na si kwa jirani. Ya tatu inaelekea mbele, kulizuia gurudumu lisibaki pale gari linapoondoka. Juu ya habu imesimama shokapu iliyovaa springi. Kila ncha ya linki ina bushi: bomba dogo la chuma ndani, mpira ulioshikana nalo, kisha pete ya chuma kwa nje, na bolti inapita katikati ya lile bomba dogo. Sukuma linki kwa mtaimbo. Ikicheza, na mpira ukionyesha nyufa, umempata mgonjwa. Ukikuta linki yenyewe imekonda, na ukiigonga kwa bisibisi inadondosha magamba, acha kuigonga. Hiyo iliyobaki ndiyo inayokurudisha nyumbani kila jioni.

Akiwa bado amelala chali, kila mmiliki huuliza swali lilelile: kutu yote hii imetoka wapi, na gari naliosha kila Jumamosi?

Nusu ilikuja nalo. Forester hizi zilizaliwa mkoa wa Gunma, Japani, na zile zilizoangukia kwa wakazi wa Hokkaido au Niigata zilipita kila majira ya baridi kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyushia barafu. Huko ukaguzi wa lazima hurudi kila miaka miwili, na gari likizeeka bili yake humfanya mwenyewe alitazame upya. Akalipeleka mnadani. Karatasi ya mnada ilisema kila kitu bila kificho: herufi S kwa kutu, herufi C kwa kutu iliyokwisha kula bati. Wewe ulitazama namba ya daraja na picha ya dashibodi. Kisha mtu fulani mwenye moyo mwema akapuliza rangi nyeusi uvunguni kote, juu ya kutu na matope kwa usawa, na gari likapanda meli liking'aa.

Nusu ya pili ni mchango wetu sisi. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zina upepo wa bahari unaobeba chumvi hadi sebuleni, sembuse uvunguni. Halafu kuna hiyo Jumamosi yako. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na ndiyo hayohayo ambayo kijana wa kuoshea magari anayapeleka kwa presha kwenye kila pembe isiyokauka. Paa linang'aa, uvungu unapata dozi ya wiki. Mtu wa Dodoma atakuambia gari lake halina kutu hata kidogo, mpaka siku atakapoangalia kadi na kukuta mmiliki wa mwanzo aliishi Kigamboni.

Tena huwezi kusema hukuonywa. Tanzania gari la umri huo hutozwa bandarini ushuru wa uchakavu, kwa hiyo una risiti rasmi ya serikali inayothibitisha kwamba ulinunua kitu kilichochakaa. Kenya wao wameweka ukomo wa miaka 8, hivyo Mkenya hupokea gari likiwa bado na afya, na kutu anaikuza mwenyewe kwa upendo.

Sasa spea. Nenda Kariakoo, upande wa Gerezani, ukiwa umevaa nguo zisizotangaza mshahara. Utaulizwa: "Bosi, unataka jenuini, Taiwani au yuzdi?" Jenuini ina boksi zuri, na boksi hilo kweli ni jenuini. Taiwani huenda ilipita Taiwan. Yuzdi imekatwa kwenye gari lililofia Japani, na utaikuta imening'inia dukani pamoja na habu yake, breki yake na bolti zake, vyote vimekumbatiana. Hiyo usiidharau kwa haraka. Mwambie muuzaji, kwa upole, akutolee ile bolti ndefu iliyopita kwenye habu mbele ya macho yako, kabla hujalipa. Angalia uso wake. Kama ataitoa, umepata bahati ambayo thamani yake utaielewa baadaye leo. Kama atasema "hiyo utaitoa tu nyumbani, kaka, haina shida," mshukuru na uondoke.

Nunua za pande zote mbili, kwa sababu linki ya kulia iliishi maisha yaleyale ya kushoto. Nunua pia bolti na nati mpya. Muuzaji atashangaa: "Bolti si unazo za zamani?" Mjibu kwamba unazipenda mpya. Usimweleze zaidi.

Kuhusu vifaa, mtaani utaambiwa kinachohitajika ni spana na moyo. Kwa kweli kinachohitajika ni spana boksi, bomba la maji la urefu wa mita moja la kuongezea mpini, nyundo ya kilo mbili, jeki yenye magurudumu, grenda na diski nyembamba nyingi kuliko unavyodhani, miwani ya kukinga macho, na stendi mbili za chuma. Hapo kwenye stendi naomba tuache utani kidogo. Gari hili lina uzito wa karibu tani moja na nusu, na jeki ni kifaa cha kuinulia, si cha kushikilia. Tofali la saruji nalo halitoi taarifa kabla ya kupasuka. Ukiwa huna stendi, azima, na kama wa kukuazima hayupo, mlipe fundi bei yake uondoke salama.

Legeza nati za gurudumu kwa spana namba 19 gari likiwa bado chini, maana likishaning'inia utazungusha gurudumu badala ya nati. Kisha zuia magurudumu ya mbele kwa magogo au mawe, mbele na nyuma yake. Wapo watakaokuambia umeshavuta breki ya mkono, inatosha. Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma, hayohayo unayotaka kuyaning'iniza hewani.

Hadi saa tatu na nusu asubuhi kazi itakuwa inakwenda vizuri mno, na hilo ndilo la kutilia shaka. Gurudumu limetoka. Kalipa ya breki umeifungua na kuifunga pembeni kwa waya, hukuiacha ining'inie kwa mpira wake. Waya wa ABS umeutoa kwenye vishikizo vyake kwa adabu. Kwenye ile bolti ya ndani ya linki ya nyuma, yenye washa ambayo tundu lake haliko katikati na alama za kurekebishia uelekeo wa gurudumu, umechora mstari kwa rangi ili ujue ilikaa wapi. Nati zote zimefunguka. Mke wako anauliza utakula saa ngapi, nawe unasema kabla ya adhuhuri utakuwa umenawa. Unasema hivyo kwa sauti, na majirani wanasikia.

Ndipo unakutana na bolti ndefu.

Bolti hii inakaribia urefu wa shubiri. Inaingia linki ya mbele, inapita tumboni mwa habu, inatokea linki ya nyuma, na mwishoni ina nati moja. Nati inafunguka kwa ulaini unaotia moyo. Bolti haitoki. Waliobuni gari walitaka ipite kwenye mabomba ya bushi bila kubana, ikiwa imezungukwa na nafasi nyembamba ya hewa. Kwenye nafasi hiyo yakaingia maji ya chumvi, na hapakuwa na njia ya kutokea. Chuma kikigeuka kutu hujaa nafasi zaidi ya mara mbili ya ile kilichokuwa nayo, kwa hiyo miaka 20 baadaye pale hapana nafasi tena. Umenunua linki, umenunua bushi, umenunua stendi, na kazi yote iliyobaki ni kipande kimoja cha chuma ambacho bei yake dukani ni ndogo kuliko chakula chako cha mchana.

Hatua ya kwanza ni dawa ya kutu ya kopo. Puliza, subiri. Hakuna kinachotokea, lakini harufu yake inakupa hisia ya kuwa fundi. Ukitaka kitu chenye nguvu zaidi, changanya mafuta ya gia otomatiki na asitoni nusu kwa nusu. Ni mchanganyiko wa zamani, na hupenya kweli. Asitoni ni ileile ya kutolea rangi ya kucha, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Na kumbuka inawaka moto kwa urahisi, usije ukaikutanisha na cheche.

Hatua ya pili ni nyundo. Kabla hujapiga, rudisha nati hadi ilingane na ncha ya bolti, upige vyote kwa pamoja, la sivyo ncha itatanuka na hata siku ikikubali kutoka haitapita tena kwenye tundu. Piga. Sikiliza mlio. Mlio ni mzuri sana. Baada ya muda simama, kwa sababu hiyo nguvu yote inaishia kwenye beringi ya gurudumu, ambayo ilikuwa nzima na haikukosea kitu. Ukiendelea, utamaliza kazi ukiwa na linki kimya na beringi inayovuma hadi Chalinze.

Mlio huo ndio mwaliko. Mtaa utafika. Wa kwanza ni mzee wa nyumba ya pili, aliyeendesha malori enzi zake, na adabu inataka umwamkie ukiwa hukohuko chini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umejaribu kuikaza kwanza?"

Usicheke. Mzee yuko sahihi: kuisukuma bolti upande wa kukazia kidogo, kisha upande wa kulegeza, huvunja kutu vizuri kuliko kuivuta upande mmoja kwa hasira. Vaa spana kichwani mwa bolti, ongeza bomba la maji, vuta. Inageuka! Robo nzima! Mtaa unashangilia. Achia bomba, na bolti inarudi ilikotoka. Kilichogeuka si bolti peke yake, ni bolti na bomba la bushi, vimeshikana kama maharusi, na mpira umejipinda kisha ukajinyoosha.

Wa pili atapendekeza soda. Wa tatu atapendekeza dizeli. Wa nne ni shemeji, hatapendekeza kitu, atauliza tu kwa nini hukulipeleka gereji, na ataliuliza hilo mara ambazo si lazima kuzihesabu. Pembeni, akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, yupo kijana wa bodaboda ambaye hata hajainama. Atasema, "Kaka, hiyo mpe grenda." Hakuna atakayemsikiliza kwa saa nne zijazo, kwa sababu hajavaa ovaroli.

Katika hizo saa nne mtajaribu moto. Ataitwa mchomeleaji na mtungi wake. Moto una akili ndani yake: chuma cha nje kikipata joto hutanuka, kutu inapasuka, na bolti mara nyingine huachia. Lakini moto huohuo unaanza na mpira wa bushi, ambao huungua kwa moshi mweusi wenye harufu ya maandamano, na mbele kidogo tu ya hapo, chini ya kiti cha nyuma, lipo tenki la petroli, huku bomba la breki likiwa jirani. Mchomeleaji atasema amefanya hivi mara nyingi. Muulize amefanya mara ngapi kwenye gari lenye mafuta. Ukishindwa kabisa kumkatalia, safisha asitoni yote, weka ndoo ya mchanga karibu, watoto wasogezwe, na mwenye gari lililoegeshwa ubavuni pa lako ajulishwe. Binafsi ningemnywesha chai mchomeleaji, nikamlipa nauli, akarudi na mtungi wake.

Alasiri, grenda. Kijana wa bodaboda hatasema chochote. Yeye ni muungwana. Vaa miwani. Bolti inakatwa sehemu mbili, kati ya linki na habu kwa mbele, na kati ya linki na habu kwa nyuma. Mwanya huo ni mwembamba, ndiyo maana ulinunua diski nyembamba, na ndiyo maana zinavunjika. Kata bushi, kata linki, kata chochote kinachokwenda kutupwa, ila habu usiiguse, kwa sababu hiyo hukununua. Umeme ukikatika katikati ya kazi, msumeno wa chuma bado upo, na jioni ni ndefu.

Linki zikianguka chini utasikia furaha ya ajabu. Ifurahie haraka, maana kipande cha katikati bado kimekaa tumboni mwa habu, hakina kichwa wala ncha ya kushika. Hapa ndipo wengi huchukua tindo na kurudia kosa la asubuhi. Fungua habu nzima, ifunge kwenye gunia, panda nayo bodaboda (kijana yuko hapohapo, na bei leo ni ya kwako) hadi kwa mwenye presi ya haidroliki. Presi itasukuma. Kutasikika mlipuko mfupi, watu wote dukani watageuka, na bolti itatoka. Ile yuzdi ya Gerezani iliyofunguka mbele ya macho yako, kama ungeinunua, ingekuepusha na gunia hili.

Ukiwa umeamua kwamba maadamu umefika hapa ubadili na shokapu, neno moja tu. Juu ya shokapu kuna nati ndogo za pembeni na nati moja ya katikati. Za pembeni zinaiachia shokapu kutoka kwenye bodi. Ya katikati inaiachia springi iliyokandamizwa, ikupite usoni. Ya katikati usiiguse bila vibano vya springi, na kama vibano hivyo vimefungwa kwa waya na imani, usiiguse kabisa.

Kufunga ni rahisi, na kwa sababu ni rahisi ndiko kunakoharibiwa. Kwanza, paka grisi nzito ya kuzuia kutu kwenye mwili wote wa bolti mpya, sehemu inayokaa ndani ya bushi. Ni wewe mwenyewe utakayeifungua tena, au mtu mwingine atakayekukumbuka kwa jina. Pili, na hili mafundi wengi wa chini ya mwembe hulipuuza: usikaze bolti za linki gari likiwa linaning'inia. Ziweke kwa mkono tu. Weka jeki chini ya habu, inua hadi gari lianze kuachana na stendi, gurudumu liwe kwenye kimo chake cha kawaida, ndipo ukaze. Mpira wa bushi hushika mkao ule uliokazwa nao. Ukikaza gurudumu likiwa limening'inia, mpira utaishi umejipinda siku zote na utapasuka kabla hujamaliza kusimulia ulivyofanya kazi mwenyewe. Bolti yenye alama iweke kwenye mstari wako wa rangi. Breki, waya wa ABS, gurudumu, nati za gurudumu kwa mtindo wa msalaba.

Sasa rudia upande wa pili. Utauanza asubuhi, bila watazamaji, na grenda ikiwa tayari imechomekwa.

Mwisho peleka gari kwa wa alaimenti, kwa sababu mstari wa rangi ni makadirio, na tairi hazili makadirio, zinaliwa nayo. Nenda polepole. Usikilize matuta. Kijana wa alaimenti ataingia shimoni, atageuza ile bolti yenye alama kwa spana moja bila kutoa jasho, atashangaa kuona grisi, na atauliza nani kafunga. Pokea sifa hiyo. Atarekebisha nyuma, kisha atasogea mbele na tochi yake, atainama, atasukuma kitu kwa mtaimbo, atanyamaza. Mlipe upesi uondoke kabla hajafungua mdomo.